Mguu wa Baba Haujui Injini Mpya

Makambako,
Alhamisi asubuhi.

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, tena peke yako, na ndiyo maana nimemwomba nesi Enesa, anayerudi kazini huko Bulongwa, akukabidhi barua hii mkononi. Asimpe Baba, hata Baba akimwambia kwamba barua zote za nyumba hiyo huzisoma yeye. Hali yako? Kifua kimepoa, au baridi bado inakusumbua? Huku upepo ni ule ule, unatia vumbi mpaka kwenye chai. Mimi ni mzima, isipokuwa mguu wa kushoto, na habari ya mguu huo ndiyo barua yenyewe.

Usishtuke, haukuvunjika. Umevimba tu, na daktari kasema nisiukanyagie mpaka wiki ijayo. Naandika nikiwa gerejini, mguu nimeupandisha juu ya ndoo, na wenzangu wananiita Mheshimiwa kwa kuwa nakaa tu natoa amri. Ningekuwa na miguu miwili, leo hii ningepanda basi nije mwenyewe.

Mama, naogopa. Sioni sababu ya kukuficha.

Unajua pikipiki ya Baba ilivyokuwa imechoka, ile ndefu ya tairi za meno aliyoitumia miaka yote ya uinjilisti. Kila mlima ilikuwa, "Mama Nehemia, shuka kidogo," nawe unashuka na kikapu na Biblia, unapanda kwa miguu, unamkuta juu anakutazama kama ni wewe uliyechelewa. Mimi ndiye niliyemwambia ailete huku. Injini ilikuwa imekwisha, na vipuri vyake havipatikani hata Njombe mjini. Nikamtafutia injini ya Kichina, CC 200, karibu mara mbili ya nguvu ya ile ya kwanza. Haikukaa kirahisi. Nilikata vishikio vya injini kwenye chesisi, nikachomelea vipya, nikasogeza cheni, nikahamisha bomba la moshi. Siku nne nzima. Nilipoiwasha, gereji yote ilipiga makofi. Nikaijaribu barabara ya Njombe, ikapanda kilima kwa gia ya tatu bila kulalamika. Nikajiona fundi kweli kweli. Wiki iliyopita tukaipakia kwenye lori, nanyi mkaipokea.

Kiburi si maungwana, Mama. Juzi akaja mzee mmoja wa Kibena kutoka Kifanya, na pikipiki kama ile ya Baba, yenye injini yake ya zamani. "Kamwene, fundi," akasema, "hebu nisikilizie klachi." Nikaipanda, nikashuka nayo kale kateremko ka nyuma ya gereji. Nilipokaribia chini nikataka kuongeza gia, nikakanyaga kama ninavyokanyaga kila siku kwenye hizi za bodaboda. Badala ya kuongezeka, gia ikapungua. Gurudumu la nyuma likakaza, pikipiki ikalala, na mguu wangu ukabaki chini yake.

Mzee alinikimbilia. "Fundi, kwani hujui? Hii unakanyaga gia ya kwanza tu, nyingine zote unanyanyua!" Nilikuwa bado nimelala kwenye vumbi nilipomkumbuka Baba.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Kwenye injini ya zamani, Baba akiteremka mlima hukanyaga gia ili ipungue, injini imshikilie. Miaka thelathini amefanya hivyo. Macho yake yanatazama barabara, mguu unafanya kazi yake bila kuulizwa. Injini niliyomfungia mimi ni kinyume. Ukikanyaga, gia inaongezeka. Ukikanyaga tena ikiwa ya mwisho, inaangukia fri, yaani injini inaachia kabisa na pikipiki inajiendea yenyewe. Na breki ni zile zile za zamani, zilizozoea injini ndogo. Mimi sikuliona hilo kwa sababu mguu wangu ni wa bodaboda. Nilipima kila kitu kwenye pikipiki ile, isipokuwa mguu wa mwenyewe.

Halafu naukumbuka ule mteremko wa kutoka kanisani hadi mtoni, udongo mwekundu, ukungu, nawe umekaa nyuma yake kwa upande, umeshika kikapu badala ya kumshika yeye. Nikifumba macho naona. Nikifumbua naona.

Nilimpigia siku ile ile, nikamweleza yote. Unajua alivyonijibu? "Nehemia, gia ni gia. Mimi nimeendesha kabla wewe hujaota meno." Nikamwambia, Baba, tafadhali. Akasema, "Jumapili nahubiri mtaa wa bondeni. Nimeshawaambia nakuja na mama yako, na nakuja na moto mpya." Akakata. Simu ya nyumbani inalala mfukoni mwake, na hata akikupa uongee anaweka sauti ya nje. Ndipo nikachukua kalamu.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo ambalo hujawahi kulifanya. Upande wa kushoto wa injini, pale Baba anapoweka kiatu, kuna pedeli ndogo ya chuma. Imeshikwa na boliti moja tu. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea spana namba kumi. Izungushe kuelekea kushoto, boliti ikilegea itoe yote, kisha ivute pedeli, itachomoka. Akiwa ameenda kwenye viazi, ni kazi ya dakika mbili. Ifiche kwenye ndoo ya unga wa ngano. Bila pedeli hiyo pikipiki itawaka na itanguruma, lakini haitaingia gia, haitakwenda popote. Nikiweza tu kuvaa kiatu nitakuja na kifimbo cha chuma nilichoanza kukitengeneza, niugeuze mkono wa gia ufuate mguu wake. Mguu wa mzee hatuwezi kuufundisha upya, pikipiki tutaifundisha.

Najua si vizuri mtoto kumfundisha mama amfiche baba kitu. Ukiona ni dhambi, ihesabu juu yangu. Lakini wewe usipande. Hata pedeli nyingine ikishuka kutoka mbinguni, Mama, usipande.

Nisalimie Shangazi mfuma sweta, mwambie ile ya kijani ndiyo inayoniokoa na baridi ya hapa. Nisalimie mdogo wangu Tumaini na watoto wake wa chekechea. Babu mdogo, mzee wa kanisa, mwambie nakunja mikono kumwomba asimchochee Baba kwa sifa. Na Baba naye mpe shikamoo yangu, kama vile nimeituma kwa maneno tu.

Ni mimi mwanao, fundi wa mguu mmoja kwa sasa,

Nehemia.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Baba amepiga sasa hivi. Aliongea polepole sana. "Uko peke yako?" Nikasema ndiyo. "Ile gia ya pili," akauliza, "iko juu au iko chini?"

Nikamuuliza, kwani umeipanda? Akaniambia kwamba jana ulipokwenda bombani aliijaribu hapo uani, akakanyaga ili ipungue, ikampeleka mpaka kwenye uzio wa mianzi. Hakuumia. Lakini alijifunika blanketi hadi jioni, na wewe alikuambia ni baridi. Nikamwambia, basi Baba, Jumapili usiende nayo. Akasema, "Nitaanzaje kuwaambia watu? Wote wanaingoja." Halafu akasema, "Usimwambie mama yako."

Mama, tangu nizaliwe sijawahi kumsikia Baba akiogopa. Itoe hiyo pedeli leo, ukimaliza tu kusoma. Atauliza nani kaichukua, atapiga kelele majirani wasikie, atatafuta. Akitafuta kidogo tu akaacha, usimuulize kitu. Mchemshie chai.