Sifa saba kutoka telefone moja

Leo lundi, juma limeanza. Mvua imeosha Kitshanga tangu asubuhi, na moyo wangu uko kama nguo isiyotaka kukauka.

Ateliye yangu ya kushona haionekani tena kwenye karte ya telefone, ile ramani watu wanatafutia mahali. Ukitafuta fundi wa nguo hapa, unapewa yule wa barabara kubwa aliyejiandikisha pahali patatu, na mlango wake ni mumoja. Mimi njo nimefutwa. Wenye karte wameandika kama sifa ambazo wateja wangu waliniwekea pale ni za uongo: saba, siku moja, telefone moja.

Nani hapa kwetu iko na telefone ya peke yake?

Siku ile tulipanda kilima cha rezo, pale telefone inashika mtandao, na wamama wa kikundi chetu cha kanisa, telefone ikiwa ya Mama Zawadi. Nilimfungulia kila mumoja akaunti kwa jina lake, akasema sifa yake, nikaandika, sababu wengine hawakusoma. Mama Zawadi alisema niandike kama robe yake, gauni nililomushonea, imekimbia vita naye mara mbili na mushono haujaachia.

Yote ni kweli. Lakini wewe shajara sitakuficha: sifa zilikuwa saba, wamama walikuwa sita.

Ya saba niliandika mimi, kwa jina la dada yangu Neema aliyebaki Ntoto, kule vita imefunga barabara. Hajavaa nguo yangu hata moja. Nilimukumbuka tu, nikatamani awe kati yetu.

Masomo yanakaribia kuanza. Wazazi waliokimbilia hapa hawajui mlango wangu, wanauliza telefone nani anashona uniforme. Wakimupata yule tu, mutoto wangu Baraka atakula nini?

Mvua ilipokatika nilipanda tena na Mama Zawadi, Baraka mgongoni, kujaza ombi la kurudishwa. Wanauliza kama sifa zote zimetoka kwa wateja. Kidole kilikuwa tayari juu ya ndiyo.

Kikakataa.

Nikamuungamia Mama Zawadi habari ya Neema. Nilingojea anigombeze. Akanitazama, akacheka polepole.

"Sasa, Mama Baraka, sisi sita hatukukutosha?"

Nikaandika: sita ni za kweli, tunatumia telefone moja kwa sababu ndiyo tuliyo nayo. Ya saba ni yangu mwenyewe, naiondoa, munisamehe. Kisha tu ndipo nikashitaki ile milango miwili isiyokuwako. Nikabonyeza kutuma.

Jibu halijakuja. Pengine watanirudisha, pengine ukweli wangu njo utanimaliza. Sijui. Lakini kushuka kile kilima, Baraka alikuwa mwepesi mgongoni.

Nimetoa kipande cha kitenge cha bluu nilichokuwa nimeficha chini ya mashini. Kesho nakata robe ya Neema. Vipimo vyake navijua, tulivaa nguo moja tukiwa watoto. Barabara ya Ntoto ikifunguka, nitaituma.

Akiipenda ao asipoipenda, aseme mwenyewe.