Bahasha ya Detlef

Almut, uko? Shoga, nimetoka kwa Roswitha mbio, hata kofia nimeiacha.

Si unaujua mchezo wetu wa ubaoni wa Jumapili, ule wa kupigania himaya? Kila mtu anaandika amri za zama zinazofuata, anafunga bahasha kabla ya kwenda nyumbani, asije akageuka katikati ya wiki. Detlef aliandika zake, wiki hiyohiyo moyo ukasimama. Tumemzika juzi.

Leo Roswitha, mjane wake, katukatia keki, kisha akakaa kwenye kiti cha Detlef. KITI CHAKE!! Henning akasema, "Tuufunge mchezo, jamani." Roswitha akamjibu, "Kanuni ni kanuni. Tunafungua."

Akaisoma mwenyewe ya mumewe: "Ondoa askari wote mpakani na Wiebke. Huyu hawezi kunishambulia."

Hawezi kunishambulia, Almut. Mimi, Wiebke!

Na bahasha yangu iko palepale mezani. Nikasema, "Yangu iacheni, haina maana tena." Akacheka, "Lete hapa, mwoga wewe." Akaifungua, akasoma kwa sauti: "Choma mji mkuu wa Detlef."

Hakucheka tena. Akaondoa askari wa mumewe mmoja mmoja, polepole. Kisha akachukua kile kinyumba cha mbao, mji mkuu wake, akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole. "Chukua. Alikuachia mlango wazi."

Niko kituoni, tramu mbili zimenipita. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto.

Wa kulia umegoma kufunguka.