Mjomba wa Dipti

Shinyanga,
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na mvua za huko Ushirombo zimeanza kukutendea haki. Yule mbuzi mweusi ameshazaa? Mimi huku sijambo, nakula vizuri na kazi inakwenda. Najua Vaileth ndiye atakayekusomea. Shemeji, soma polepole na usiruke neno.

Ningeweza kupiga simu, lakini wewe ukishika simu unapaza sauti mpaka jumuiya nzima inajua mambo yetu. Jumamosi hii nitakuja nyumbani na mgeni, naye ni bosi wangu, Mama Dipti. Haji kutembea tu. Anakuja kwako, kwa jambo lake, na ukimkatalia atarudi na aibu ambayo mimi ndiye nitakuwa nimemtia. Kwa hiyo nakuomba usikilize mpaka mwisho ndipo ukasirike, kama itabidi.

Mama Dipti unamjua kwa kusikia: yule mjane wa Kihindi mwenye duka la pampu na mabomba, ambaye namwendeshea kenta tangu nilipoachana na uchimbaji. Amezaliwa hapa hapa mjini, na Kisukuma chake kinanishinda. Ana mtoto mmoja, Dipti, na kwao alizaliwa peke yake, hana ndugu wa kiume wala wa kike. Wazazi wake walishafariki zamani.

Basi mwezi wa nane, siku ya mwezi mpevu, aliniita nyuma ya duka kabla sijaondoka na mzigo wa Kharumwa. Akanipaka doa jekundu kwenye paji la uso, akanifunga mkononi uzi mwekundu wenye shanga, akanilisha kipande cha kitamutamu cha maziwa. Kisha akaniomba nimpe chochote nilicho nacho. Nilikuwa na chungwa tu. Alilipokea kwa mikono miwili huku machozi yakimlenga, nami nikajiambia, huyu mama ananikinga na ajali za barabarani, Mungu ambariki.

Kule Kharumwa wachimbaji waliuona ule uzi, na unawajua watu wa dhahabu. Abel, tuliyekuwa tukichimba naye zamani, aliapa kwamba ile ndiyo dawa yenyewe, ndiyo maana maduka ya Wahindi hayafi. Alinibembeleza mpaka nikaukata, nikampa kipande akakifunge kwenye mpini wa sururu, na wenzake wakagawana kilichobaki. Walishuka shimoni kwenye duara wakiimba. Mama, walipanda na udongo na mafua, hata chembe hawakuiona, na Abel akanilaumu mimi kwamba nimeipunguzia nguvu dawa kwa kuikata vibaya.

Niliporudi, Mama Dipti aliutazama mkono wangu mtupu akauliza. Nikamweleza yote, nikisubiri kufukuzwa kazi. Alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Halafu akasema ule uzi si dawa ya kitu chochote. Kwao dada humfunga kaka yake siku hiyo, na kaka humpa zawadi na kuahidi kusimama naye. Asiye na kaka anaweza kumfunga mtu anayemwamini, na tangu saa ile huyo ni ndugu yake. Uzi wenyewe ukioza ukaanguka ni sawa tu. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mdogo wake tangu nilipompa lile chungwa, na sikuwa na habari.

Nilijisikia mdogo kuliko sisimizi. Nikamuuliza dini yao ilianzishwa na nani, maana sisi tuna wa kumtaja. Akasema wao hawana mtu mmoja wa kumtaja. Ilikua polepole huko India kwa maelfu ya miaka, na maneno yake matakatifu yalipokewa kwa masikio na kukaririwa, mwalimu kwa mwanafunzi, muda mrefu sana kabla hayajaandikwa. Alivyofundishwa nyumbani kwao, Mungu ni mmoja asiye na mwisho, ila watu humwendea kwa sura nyingi, na roho haifi, huvua mwili huu ikavaa mwingine mpaka siku itakapofunguliwa. Aliyasema haya huku akipanga koki kwenye rafu. Mimi nilisahau kupakua mzigo.

Mwezi uliopita ndipo aliponiita tena. Dipti alikuwa ameposwa na kijana wa Mwanza, na kwao bibi harusi huongozwa na mjomba wake, ndugu wa mama, mpaka mbele ya moto. Mjomba ndiye pia anayeleta nguo ya harusi, nyeupe yenye pindo jekundu. Akaniuliza kama niko tayari. Nilimwomba siku ya kufikiri, nikaenda kwa katekista. Alikuna kichwa, kisha akasema kumsindikiza mtoto wa watu kwenye ndoa yake si kuabudu, ila rozari niiweke mfukoni. Nguo nilikwenda kuinunua mwenyewe. Muuzaji akauliza ni ya nani, nikamjibu ni ya mpwa wangu, akanitazama juu mpaka chini halafu akanifungia.

Siku yenyewe mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alinisimamisha mlangoni akaniuliza mimi ni nani. Mama Dipti alimjibu kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba huyu ni mdogo wake, amemfunga uzi. Yule mzee akaviunganisha viganja vyake, akainamisha kichwa, akanipisha. Nikamshika Dipti mkono, nikamwongoza mpaka kwa bwana harusi wake. Walikaa chini ya paa la maua na moto ukawashwa katikati, maana kwao moto ndio shahidi wa ndoa. Waliuzunguka, na kwa kila mzunguko kuhani akasema maneno yale ya kale. Sikuelewa hata moja, lakini nywele zilinisimama. Nilifikiri juu ya watu wote waliooana kwa maneno hayo hayo kabla hata ya kuwapo mji huu, nikaogopa kwa namna nzuri, kama siku ya Komunyo ya kwanza.

Sasa, mama, jambo lenyewe. Kabla ya moto, kuhani aliuliza jina la mjomba na la mama aliyemzaa mjomba. Ukumbi mzima ulinigeukia. Sikuwa na nafasi ya kukuomba ruhusa. Nikasema, Euphrasia. Na yeye akaliingiza jina lako kwenye sala zake, akalitamka taratibu, Euphrasia, katikati ya majina ya mababu zao. Mama Dipti alijifunika uso kwa mtandio. Baadaye akaniambia, kama mimi ni ndugu yake, basi wewe ni mama yake, na hawezi kukaa bila kuja kukuamkia.

Ndiyo maana nakuandikia. Mama Dipti hali nyama kabisa, hata mayai, kwa hiyo huyo jogoo wako mwache aishi. Pika ugali, maharage na mchicha. Akiingia uani atavua viatu, atainama na kukugusa miguu. Najua utaruka ukidhani unaabudiwa. Usiruke, mama. Kwao ndivyo mtoto anavyomwamkia mzazi, na wewe utamwekea mkono kichwani, basi.

Nisalimie kaka Innocent na watoto, na mama Cornel jirani, ila usimwonyeshe barua. Nitakuletea dawa ya goti.

Jana Mama Dipti aliniuliza kama kweli utampokea, maana tangu mama yake afariki hajapata wa kumwamkia hivyo. Nimemwambia utampokea. Mama, usinifanye mwongo.

Mwanao akupendaye,
Alois