Telesphori Afunga Mdomo

Shinyanga, 4 Agosti 1974

Shemeji Mektilda,

Mwangaluka! Huku wazima, na dada yako Lukresia anakusalimu sana. Mama yenu amepasuliwa macho hospitali ya Kolandoto, na bandeji zimetolewa. Jana alihesabu kuku wote wa jirani kwa sauti! Amefikia kwa jirani yetu Mama Bujiku, maana kulala kwa mkwe hawezi.

Shida ni moja. Anatamani kuona sinema kabla ya kurudi huko mwisho wa mwezi. Hizi ninazoonyesha ukumbini parokiani ni za zamani, hazina sauti. Jumapili mchana sauti ni mimi. Naeleza, natania, natukana wezi. Kamwambia Lukresia: haiwezekani akae akimsikia mkwe wake anapayuka hivyo mbele yake. Nifanyeje?

Shemeji yako,
Telesphori

Ushirombo, 11 Agosti 1974

Shemeji mwenye domo,

Hatujambo, mahindi tu ndiyo yametobolewa na fukusi. Habari ya macho imenifanya nimwage uji kwa furaha.

Sasa unaniuliza nini? Nyamaza! Au unaogopa watu wakijua sinema inakwenda bila wewe? Mama amekaa gizani miaka sita. Ukimkosesha hili, Krismasi usikanyage hapa.

Shemeji yako,
Mektilda

Shinyanga, 26 Agosti 1974

Shemeji,

Poleni na fukusi. Sisi tu wazima.

Kweli niliogopa. Watu huja kunisikia mimi, bwana! Jana nilipokaa kimya wakapiga miluzi: "Telesphori, umemeza nini?" Mama alikuwa mbele kabisa, mimi nyuma kwenye mashine.

Ilikuwa ile ya mtu anayemtoa ng'ombe zizini. Miaka mitatu nimewaambia watu huyo ni mwizi. Jana, kwa kuwa sikuwa na la kusema, nikamtazama usoni. Lo, shemeji, si mwizi! Ng'ombe ni wake, anakwenda kumuuza, na moyo hautaki. Mkono unavuta kamba, mguu unazuia mlango usifunguke. Miluzi ikaisha. Watu wakacheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Mama alicheka mpaka khanga ikamwanguka kichwani. Niligeuza uso kwa adabu, ila nilimsikia, na nilifurahi mno.

Shemeji yako,
Telesphori

Ushirombo, 9 Septemba 1974

Shemeji Telesphori,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Mama amefika salama. Anamwigiza yule mtu wako uani, anamvuta mbuzi wetu bila neno, na wanawake hawana mbavu.

Nilidhani habari yake itakuwa sinema, au macho. Kumbe ni wewe. Jana baada ya misa aliwaambia wenzake: "Walipoleta mahari ya Lukresia, ng'ombe kumi na wawili, nilishukuru. Lakini mkwe wangu ameufunga mdomo ule mbele ya ukumbi mzima, akazomewa, kwa ajili yangu. Sasa ndiyo najua mwanangu ameolewa."

Shemeji yako,
Mektilda