Shamba Lipi, Baba Salma?

Baba Salma,

Salamu nyingi, ingawa mchana huu huu nimetoka kwako. Nimekuacha kwenye kiti cha dirishani, umevaa sweta la mtu mwingine, maana hapo penu kwenye nyumba ya wazee nguo zikishafuliwa hurudi kwa yeyote. Huyo wa kwenye kiti nimeshazungumza naye mpaka nimechoka. Barua hii ni yako wewe wa zamani, mpenda mzaha, unayeendesha gari huku unaimba na kupotea njia. Wewe ndiye niliyekukosa, na jawabu ninalolitafuta unalo wewe.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Wiki nzima ulikuwa ukiosha mabasi gereji, unarudi Tottenham mikono imekauka kwa sabuni, unalala kwenye kochi na viatu vyako. Lakini Jumapili asubuhi, mvua ije isije, tutakusikia ukumbini: "Haya, nani anakwenda shamba?" Kwetu Zanzibar ukishatoka mjini, kote kunakobaki ni shamba, na wewe ukalichukua neno hilo ukalibandika Uingereza. Nyumba zikianza kuachana, ng'ombe wa kwanza akionekana, unapiga honi. "Tumeingia shamba!" Salma nyuma anapiga makofi. Mimi nimepakata chupa ya chai na bakuli la katlesi, nakwambia tazama mbele, bwana wee, utatuua.

Na siku ile ya mwenye ng'ombe, jamani! Tumetandika mkeka wetu kwenye majani ya watu, tunakula, mara huyo anakuja mzungu mrefu, mabuti mpaka magotini, mbwa mbele, uso umemwiva. Mimi nilishaanza kukusanya vyombo. Wewe ukainuka, ukafuta mikono, ukamkaribisha. Mtu amekukuta unakula, utaachaje kumkaribisha? Ulimkaribisha mwenye shamba shambani kwake, Baba Salma! Ukamtia katlesi mkononi kabla hajapata la kusema. Akala kwa kusimama, akaangalia mbwa, akaangalia mkeka, akaomba nyingine. Mwisho akasema tukiondoka tufunge geti, basi. Alipokwenda zake ukasema, "Mtu mwema, ila hajui kukaa kitako." Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Tangu hapo pakawa petu. Ukifika unachota udongo, unausugua, unaunusa, unatoa hukumu: "Huu unakubali muhogo. Kilichokosekana ni jua tu." Mimi mtoto wa mjini, muhogo naujua ukishachemshwa, naitikia tu. Unanimenyea chungwa kwa kisu chako, ganda lote bila kukatika, halafu unalikata kipande cha juu na kunipa mimi kwanza. Nilikuwa na furaha, wallahi. Wiki nzima baridi, bosi, ngazi za flati zinazonuka mkojo, yote nilikuwa nayavumilia kwa ajili ya Jumapili.

Salma naye akatutia mashakani. Alikwenda kumwambia mwalimu wake, kwa Kiingereza chake, kwamba kila wiki baba anatupeleka shamba letu. Mwalimu akaamini tuna shamba! Siku ya wazazi akatujia na tabasamu, akauliza kama darasa zima linaweza kuja kuwaona wanakondoo. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukajibu, "Insha'Allah," kwa heshima zote. Mwalimu yule, masikini, hakujua kwamba kwetu insha'Allah ya namna ile ndiyo hapana yenyewe. Kila akikuona anauliza ni lini. Ikawa ukimwona kwa mbali unavuka barabara, mtu mzima na ndevu zako unamkimbia mwalimu wa watoto.

Nimeyaandika haya nikicheka peke yangu jikoni. Sasa yale mengine.

Ulianza kwa kusahau majina, tukafanya utani. Halafu ukawa unatoka asubuhi na funguo za gari tulilokwisha kuliuza, unalitafuta mtaa mzima, watu wanakurudisha. Ukaniangukia bafuni, sikuweza kukuinua, nikakaa nawe sakafuni mpaka Salma alipofika. Daktari akasema basi, atafutiwe nyumba ya wazee. Maneno niliyoyasikia misibani na harusini unayajua yalivyo: Mama Salma kamtupa mumewe kwa makafiri. Waje wao basi wakunyanyue! Hakuna aliyekuja hata na kikombe cha uji. Naja mimi, kila siku ninayoipata, na mabasi yangu mawili.

Siku moja nikaja saa ambazo si zangu. Nikakukuta kitini umejikunja, nywele zinachuruzika maji, unatetemeka. Nikauliza kulikoni. Yule msichana anayekuhudumia, mtoto mwema, hana ubaya wowote, akanijibu kwa furaha kwamba mzee anapenda sana kuoshwa nywele. Kila siku anaomba.

"Anaomba vipi?" nikamuuliza.

"Anasema shampuu. Shampuu, shampuu, mpaka tumpeleke. Wakati mwingine analia."

Lahaula, Baba Salma! Wewe usiyependa maji kichwani tangu nikujue, unayeoga kama paka, unaomba shamba na watu wanakuosha nywele! Tena wanakuosha kwa upendo. Ukirudi kitini umelowa unaomba tena, na wao wanaona kweli mzee huyu anapenda usafi. Nikamweleza yule msichana. Alijishika mdomo, kisha akaanza kulia, ikabidi mimi niwe wa kumbembeleza.

Nikasema nyumbani, basi dawa nimeipata. Kama ni shamba, shamba tunalijua lilipo. Nikamsumbua Salma mpaka akaomba ruhusa ya siku moja kazini. Nilikaanga katlesi tangu alfajiri. Tukakutia kiti cha mbele, tukakufunga mkanda, na ng'ombe wa kwanza alipoonekana nikamwambia Salma apige honi. Alipiga. Hukugeuka.

Tulifika kwenye geti lile lile. Mkeka huuwezi tena, tukakuwekea kiti cha kukunja, blanketi magotini. Jua lilikuwepo, si haba, majani mabichi mpaka kule chini mtoni. Salma alichota udongo akakupa mkononi, ukauacha ukadondoka. Nilikulisha kidogo. Ukatazama mbele muda mrefu, nami nasema sasa atakumbuka, sasa ataniita. Ukasema, "Nataka shamba."

Nikakwambia, "Tupo shamba, Baba Salma. Si hapa?"

Ukanitazama kwa upole, kama unayemwelekeza mgeni. Maneno yakakutoka safi, kwa lafudhi yako ya Kipemba ya ujanani ambayo sikuisikia tangu tuoane. "Hapa si shamba, mama. Hapa Ulaya. Mimi nataka shamba kwetu."

Salma aliyaelewa. Kuzungumza Kiswahili hawezi, ila kusikia anasikia. Akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Mum, shamba gani anataka?" Nikaanza kukusanya vyombo.

Shamba kwenu Pemba, Baba Salma, halipo. Mikarafuu ya baba yako walishagawiwa watu wengine, na mama yako alikufa wewe uko huku huwezi kwenda. Ndege daktari amekataa, anasema hutafika. Na hata ungefika, ungefika kwa nani? Hilo nimelikubali. Nililitafutia njia, sikuiona, nimeacha kutafuta. Yule msichana siku hizi ukisema shamba anakujibu "Shamba, shamba," anakupapasa bega, analitamka vizuri kabisa. Unamtazama, unalia vile vile.

Lisilonipa usingizi ni jingine. Ukishakula pale majanini ulikuwa ukinyamaza. Unalala ubavu, unatazama ile mistari ya miti ng'ambo ya mto, hata Salma akikuita huitiki mpaka mara ya tatu. Mimi nikisema anapumzika, mume wangu, kachoka na mabasi. Nikijisogeza karibu nawe, nikitazama unakotazama. Naona ng'ombe wa watu na ukungu, nafsi yangu imetulia, nasema hii ndiyo raha yetu sisi wawili. Wewe ulikuwa unaona nini? Miaka yote ile, nilipokuwa nikikamata mkono wako na kumshukuru Mungu, ulikuwa pale? Au uliniacha mkekani ukaenda zako kwenu, ukawa unarudi tu wakati wa kufunga geti?

Nakuuliza sasa kwa kuwa zamani sikujua kama kuna la kuulizwa. Jumapili nitakuja, nitakukata kucha, nitakuvua hilo sweta la watu. Nitakaa kitako mbele yako, nawe utaniita mama na kuniuliza kama najua njia ya shamba.

Jumapili zote zile, Baba Salma, nilikwenda peke yangu?

Mkeo, aliyekuwa amekaa pembeni yako,
Mama Salma