Dakika Tatu za Baba Mkubwa

Nyumbani, nyuma ya karakana
Jumatano, 12 Juni

Mpendwa Shangazi,

Mlio wa simu yangu wa Jumapili haujanitoka masikioni. Nitakueleza, lakini kwanza shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya huko imepungua? Sisi wazima, ila Bibi sasa anatambua dirisha tu. Sisi anatujua kwa sauti.

Hospitali ilimpa nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho kesho, Alhamisi. Akasema haendi mpaka mwanawe wa kwanza, kaka yako Baba Mkubwa, aridhie. Basi tukaketi. Vikao viwili vya mwanzo ulivisikia: tulianza na jicho, tukaishia kwenye bati la choo linalovuja.

Cha tatu wakanipa uenyekiti, eti nimesoma. Uliniasa nisimwaibishe mtu. Nikaona saa haina upendeleo: kila mmoja dakika tatu, simu ikilia anampisha mwenzake. Baba Mdogo akatania, "Mwenyekiti, humo kaka hata salamu hamalizi." Tukacheka wote, Baba Mkubwa naye akacheka.

Zamu yake ilipofika akaanza na barabara aliyokuwa akiipima zamani, mvua, gari la kazi lililokwama. Nikajua ameshapotea njia. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anakuja kwenye jambo lenyewe: siku mkewe, marehemu Mama Mkubwa, alipoingizwa chumba cha upasuaji, yeye akiwa matopeni. Akasema, "Nilipofika, muuguzi akanikabidhi kanga zake..." Simu ikalia.

Nikahangaika kuizima, ikaniteleza mkononi. Akachukua kofia. "Haya mwanangu, muda ni muda." Akatoka. Hakuna aliyenilaumu, Mama alikusanya vikombe tu.

Nimekwenda kwake juzi na jana. Ananikaribisha, ananiuliza kazi, ananisindikiza hadi barabarani. Jicho halitaji. Nami sina neno la kumrudisha pale nilipomkata, na kumharakisha siwezi tena. Bibi kila asubuhi anauliza, "Mwanangu amesemaje?"

Baba, Mama na Baba Mdogo wanakusalimu. Bibi anasema usilale na njaa huko ugenini. Mungu akukinge na mabaya, akurudishe ukiwa na nguvu zako.

Leo asubuhi nimekwenda hospitali, nikairudisha nafasi ya Bibi. Muuguzi ameandika jina la mgonjwa mwingine palepale. Inayofuata ni Septemba.

Mwanao akupendaye,
Kiherehere