Bakuli la Omena Ulilonipa Nile Mimi

Mpendwa dada yangu Mama Atieno,

Nakusalimu katika jina la Bwana. U hali gani huko nyumbani kwenu, na lile goti bado linakusumbua, ama joto la ziwa limelituliza? Sisi huku Bomet tu wazima. Mvua ni nzuri, chai imetushinda kuchuna. Ningepiga simu, lakini kwa simu mimi huuliza tu habari ya mvua na maneno yanaisha. Haya nimeona afadhali niyaandike.

Juzi nilimpeleka Chebet kuandikishwa chekechea. Mwalimu akamwangalia akasema, "Huyu ana nguvu." Nilitoka nikasimama kando ya ua, nikalia kidogo, nikakukumbuka.

Unakumbuka alivyokuwa akiwa na miaka miwili? Kifunga mimba wangu, niliyempata wakati wenzangu wanapata wajukuu. Yai alitema. Maharagwe aliyasukuma kwa ulimi, moja moja, hadi yote yakarudi kwa sahani. Nyama aliitafuna mpaka ikawa nyeupe, kisha akanipa mkononi. Hata mursik, maziwa yetu ya kugandisha ambayo kila mtoto wa huku hukua nayo, aliyazibia mdomo. Sista wa kliniki akanionyesha kwa kitabu vile laini ya uzito imelala. "Mama, asipoongeza mwezi ujao, tutamlaza." Nilirudi nyumbani nikafunga na kuomba siku tatu.

Siku moja ukaja saa kumi ukitoka kazini kwa kiwanda cha chai, ukanikuta nampa Chebet chai.

"Hiyo ni ya ngapi leo?"

Nikakuambia: ya asubuhi, ya saa nne nikienda shambani, ya saa saba, na hiyo. Nilidhani namlisha maziwa. Sisi tunaoishi katikati ya chai, mtoto akilia ni chai, mgeni ni chai, mgonjwa ni chai. Nani angedhani ni kosa? Ukaniambia, "Mama Chebet, mtoto hakatai chakula. Ameshiba maji ya rangi."

Niliumia, nikakujibu vibaya. "Basi wako si ulikuza na hizo samaki zinanuka!" Tangu uhamie hapo karibu nilikuwa nakulalamikia uanike omena upande ule mwingine, nawe ulikuwa unanijibu, "Zimekufa, mama, haziumi." Siku hiyo hukunitania. Ulienda zako tu.

Kesho yake ukarudi na bakuli limefunikwa. Omena, umetoa vichwa, umekaanga na nyanya na kitunguu.

"Hii si ya mtoto," ukasema. "Ni yako."

"Yangu?"

"Mtoto huangalia mdomo wa mama yake. Wewe kula, yeye aone."

Dada, sikuwa nimewahi kutia samaki mdomoni. Kwetu wazee hawakula, tuliambiwa ni jamaa ya nyoka. Nikaombea hilo bakuli maombi marefu kuliko ya arusi, mpaka ukanigusa bega: "Amina ilipita zamani. Kula!" Nikafumba macho nikatafuna. Chebet akaona sura yangu, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akapanua mdomo.

"Na mimi!"

Nilitaka kumrundikia, ukanishika mkono. "Moja tu. Aombe mwenyewe." Aliomba mara tatu.

Kutoka hapo ulinifundisha kutwanga omena na kuchanganya kwa mboga, na kumwachia Chebet amenye maharagwe kwa vidole vyake, kwa sababu alichukia maganda tu. Chai tukaikomesha, akawa anapewa maziwa matupu baada ya kula. Baba Chebet akanung'unika, "Nyumba hii inanuka ziwa," huku akipangusa sufuria na ugali. Mwezi ulipoisha, laini ilikuwa imeinuka kidogo. Sista akasema, "Hatumlazi. Endelea hivyo hivyo."

Sasa nikuambie kinachonisumbua. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilisema Mungu amemponya mtoto wangu, na ni kweli. Lakini sikutaja jina lako, wala omena. Niliogopa wamama watasema nimeanza kula vitu vya watu wa ziwa. Na wewe ulikuwa umekaa benchi ya nyuma, ukapiga makofi kuliko wote. Hukuwahi kuniuliza. Ulipostaafu na kurudi kwenu, nilikuwa shambani, nikaja nikakuta mlango umefungwa, na asante yangu bado iko ndani yangu.

Nimekuwa nikimwambia Mungu asante kila siku, naye amenijulisha kwamba asante nyingine ni yako. Kwa hivyo Jumapili iliyopita nilisimama tena. Nilitaja jina lako. Nikasema kuhusu chai, kuhusu bakuli, na vile nilivyofumba macho. Kanisa lilicheka. Lakini tulipotoka, wamama wawili wenye watoto wadogo walinifuata hadi kwa lango, wakiongea polepole wasisikike, wakaniuliza hizo omena hupikwaje.

Asante, dada yangu. Asante kwa ajili ya Chebet. Ubarikiwe wewe na nyumba yako.

Tafadhali nijibu upesi, uniandikie vile unavyotoa uchungu wa omena, kwa maana zangu bado hutoka chungu na hao wamama wanakuja Jumamosi.

Ni mimi jirani yako akupendaye,
Mama Chebet